Heshima ya Askari Mstaafu: Wasomaji wa Lamu na Malindi Wauliza

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji waulize lolote kuhusu wazee waliotumikia jeshi na vikosi vya kulinda amani, na namna ya kuwaenzi ipasavyo. Barua kutoka pwani ya kaskazini zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zenye maswali yaliyorudiwa na wengi.

SWALI: Assalaam alaykum. Babu yetu alistaafu jeshini zamani. Alikwenda Namibia, kisha Yugoslavia. Sasa anakaribia miaka 80 na wajukuu tumechanga tumfanyie siku yake. Kuna wanaotaka bango na keki, na kuna wanaotaka mgeni rasmi. Tuanzie wapi? – Mjukuu, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam. Bango lisubiri. Kwanza ketini na babu na karatasi zake zote. Hafla nyingi za namna hii huharibikia hapo: maneno yanasomwa mbele za watu, hayalingani na alichokifanya mzee, naye kwa adabu zake ananyamaza. Mkisema "alipigana vita Namibia" mtakuwa mmempa sifa isiyo yake na kumpokonya iliyo yake. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokwenda huko, UNTAG, kilianza kazi Aprili 1989 na kumaliza Machi 1990, nchi ilipopata uhuru. Vikosi vyake vya askari wa miguu vilitoka Kenya, Malaysia na Finland. Kazi ilikuwa kusimamia kusitishwa kwa vita, kuhakikisha askari wa Afrika Kusini wanabaki kambini na kuondoka, na kulinda utulivu wa uchaguzi wa Novemba 1989. Kusimama katikati ya watu wenye silaha bila kuitumia yako kunataka moyo mkubwa. Hilo ndilo lisomwe.

Chukueni daftari, kila ukurasa mpeni mwaka mmoja wa utumishi. Andikeni cheo, kambi, kazi, na ushahidi wake ni upi: cheti cha kustaafu, barua ya pensheni, cheti cha medali, pasipoti yenye mihuri, kitambulisho cha misheni, picha yenye maandishi nyuma. Pale ambapo ushahidi ni kumbukumbu ya mzee peke yake, andikeni hivyo. Miaka ikigongana, itazameni na historia. Kenya ilianza kutuma waangalizi wa Umoja wa Mataifa 1973, Mashariki ya Kati. Mwishoni mwa 1979 askari wake walikwenda Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, chini ya Jumuiya ya Madola. Yugoslavia ilianza 1992, na misheni yenyewe kwenye karatasi huitwa UNPROFOR. Sierra Leone, chini ya misheni ya Umoja wa Mataifa iitwayo UNAMSIL, ni kati ya 1999 na 2005, mpaka wa Ethiopia na Eritrea kati ya 2000 na 2008. Somalia, chini ya AMISOM ya Umoja wa Afrika, ni kuanzia 2012 hadi 2022. Mzee akisema "tulikuwa Sierra Leone 1995", huenda mwaka umemponyoka, au nchi. Mrudieni kwa upole mkiwa na picha mkononi.

Angalieni pia nembo. Rhodesia na AMISOM hazikuwa misheni za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo msitie nembo ya buluu kwenye bango la mtu aliyekwenda huko tu.

Jina nalo lina mitego yake. Mtu anayejulikana Lamu nzima kwa jina la ukoo wake anaweza kuwa jeshini aliandikwa kwa jina la baba na babu, kwa tahajia ya karani aliyekuwa zamu siku ile. Mohamed, Muhammad na Mohammed ni watu watatu kwenye faili. Juu ya bango liwe jina analoitwa mjini, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina kama jeshi lilivyoliandika pamoja na cheo cha mwisho. Cheo msikitafsiri wala kukipandisha. Kiandikeni kama kilivyo kwenye cheti.

Kama karatasi zimepotea, kinachofungua mlango ni nambari yake ya jeshi. Mzee mwenyewe aandike barua kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi, ataje nambari hiyo, jina la jeshini, mwaka wa kuandikishwa na wa kustaafu, na kikosi. Aambatanishe nakala ya kitambulisho. Kama mkono haumtii, aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Barua iliyosainiwa na mjukuu peke yake huenda ikarudishwa, na ni haki, maana kumbukumbu hizo ni za mtu binafsi. Tumeni miezi kadhaa kabla ya siku mliyoipanga.

Sasa hafla. Kwa Lamu wakati mzuri ni baada ya alasiri, saa kumi na nusu hivi, mmalize kabla ya maghribi. Mzee akae kiti chenye mikono, kivulini, mgongo kwa ukuta, awe anaona wanaoingia. Wengi waliotumia silaha masikio yamepungua, kwa hiyo spika isiwekwe karibu naye na msomaji asimame mbele yake, si ubavuni. Hakuna fataki na hakuna kupasua maputo. Mlio wa ghafla huwarudisha baadhi ya wazee mahali wasikotaka kurudi. Wastaafu wenzake wakae safu ya kwanza, hata akija nani. Mgeni rasmi ni hiari, na akiwepo azungumze baada ya kumbukumbu ya utumishi kusomwa, ili ajue anamzungumzia nani. Na muhimu kuliko yote, someni maandishi hayo kwa babu wiki moja kabla. Atasahihisha, na pengine atawaambia jambo moja asilotaka litajwe. Lifuteni bila kuuliza kwa nini.

SWALI: Medali za mjomba zimekaa miaka kwenye mfuko wa plastiki kabatini. Mbili zimeota kijani. Fundi wa vyombo amejitolea kuzing'arisha zote bure. Tumpe? – Mpwa wake, Muyeye, Malindi

JIBU: Msimpe, tafadhali. Mashine ya kung'arishia na dawa ya kusugulia shaba hula madini. Kwenye medali ya Umoja wa Mataifa kuna ramani ya dunia iliyozungukwa na matawi ya mzeituni, mistari yake myembamba kama uzi, na ikisuguliwa mara chache hubaki duara tupu. Ndimu na jivu, siki, dawa ya meno, vyote tuviweke kando. Tindikali ikipita kwenye aloi ya shaba hung'oa zinki na kuacha waridi-waridi ambao hauondoki.

Tazameni kwanza mnachokiona. Rangi ya kahawia iliyokolea si uchafu, ni ngozi iliyojijenga juu ya madini na inayakinga. Iacheni. Kijani ni cha aina mbili. Kuna kinachofanana na nta, kimejikusanya pembeni na ndani ya herufi. Hicho hutokana na mafuta ya vidole na mvuke wa plastiki laini inayonata, ile ya PVC. Na kuna ungaunga wa kijani mpauko ambao ukiufuta leo, baada ya wiki umerudi. Huo ni chumvi ya bahari iliyokwisha ingia ndani, na unyevu ukipanda huanza kula tena.

Kwa kijani cha nta: naweni mikono na kuikausha kabisa, au vaeni glavu za pamba. Tandikeni taulo mezani, chini ya taa. Utepe ufunikeni na karatasi safi, usiguswe na kitu cha majimaji, kwa kuwa rangi zake huchujuka na pini yake ya chuma huacha doa la kutu. Msikate mshono wa asili. Piga vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Kisha chovya ncha ya kijiti cha meno cha mti kwenye spiriti ya hospitali na usukume ile nta polepole, ukipangusa kwa pamba kila mara. Kijiti ni laini kuliko shaba, kwa hiyo hakikwaruzi. Sindano na kisu vinakwaruza. Ukimaliza, pangusa kwa pamba iliyolowa kidogo maji yaliyosafishwa kwa mvuke, na ukaushe. Maji hayo huuzwa madukani kama maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili: rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri.

Kwa ule ungaunga unaorudi, kazi ya nyumbani ni kuukausha tu. Itenge medali hiyo na nyingine, ondoa unga kwa brashi kavu, na uihifadhi pakavu mno mpaka mtu aliyesomea uhifadhi wa vitu vya kale aione. Ofisi za makumbusho zipo Lamu na Malindi, na swali kama hilo wamelizoea.

Kuhifadhi ndiko kunakoshinda kusafisha. Tafuta chombo cha chakula cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kubana, chini kiwe na pembetatu yenye nambari 5. Ndani tandika kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi, kilichofuliwa mara mbili bila dawa ya kulainisha nguo. Weka chembe za silika jeli, gramu 20 kwa kila lita ya chombo, ndani ya kijifuko cha kitambaa. Chagua zile za rangi ya chungwa zinazobadilika zikishiba maji, kisha zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu na uzirudishe. Kwa hewa ya pwani, wakati wa masika, usishangae kuzikausha kila wiki chache. Vidonge vya nondo visiingie humo. Huyeyusha plastiki na kunata kwenye utepe.

Ukitaka zionekane, zidaka za nyumba za mawe zinavutia na jua halizifikii medali humo, lakini chokaa hubeba unyevu na hudondosha unga. Chagua kidaka cha juu, kwenye ukuta wa ndani, na medali ziwe ndani ya kisanduku chenye kioo, zisiguse ukuta. Kisanduku cha mbambakofi kilichonakshiwa ni zawadi ya fahari. Kipe miezi kadhaa mbao zikauke kabla ya kuweka kitu, na ndani kitandikwe marekani, kisitandikwe sufu, maana sufu hufanya fedha iwe nyeusi.

SWALI: Baba anataka kuvaa sare yake ya zamani siku ya hafla, na mdogo wangu anataka kuvaa medali za babu aliyefariki. Inaruhusiwa? – Dada mkubwa, Mkomani, Lamu

JIBU: Sare, hapana, mpaka jeshi liruhusu kwa maandishi. Sheria za Kenya zinakataza kuvaa sare za jeshi bila idhini, na mstaafu hana ruhusa ya moja kwa moja. Hapa Lamu, ambako doria ni za kila siku, mtu mwenye sare asiyetambuliwa anaweza kuleta maafa. Kanzu safi na koti, medali kifuani, humtosha mzee na zaidi. Wastaafu wengi huvaa suti na bereti ya chama chao.

Medali za mwenyewe hukaa kifua cha kushoto, za taifa zikiwa karibu zaidi na katikati ya kifua, kisha za Umoja wa Mataifa na mashirika mengine kwa tarehe alizopewa. Kwa desturi ya nchi za Jumuiya ya Madola, ndugu wa marehemu huzivaa kifua cha kulia. Ukimwona kijana na medali kulia, unajua si zake na unajua anamuenzi nani. Nambari ndogo iliyobandikwa juu ya utepe wa misheni ina maana kwamba alikaa vipindi zaidi katika misheni ile ile, kwa hiyo isije ikadondoka mkidhani ni takataka.

SWALI: Ami yangu alikuwa mlinda amani lakini medali yake ilipotea. Mtandaoni naziona zinauzwa. Ninunue? – Kijana wa Mambrui

JIBU: Medali ya misheni hupewa askari kule kule kazini, kwa gwaride. Katika misheni nyingi sharti ni kukaa siku 90, na zipo zilizodai zaidi. Sura ya medali ni ile ile kwa misheni karibu zote; kinachotofautisha ni rangi za utepe. Wa Namibia una rangi ya mchanga, kingo za buluu, na mistari mitano myembamba katikati yenye rangi za bendera ya Olimpiki. Wa Yugoslavia una nyekundu katikati, kijani upande mmoja na kahawia upande wa pili, na buluu kingoni. Wauzaji huchanganya tepe hizi kila siku, na mzee wa watu ataivaa ya misheni asiyokwenda. Andikeni kwanza kwa Wizara ya Ulinzi, kwa njia tuliyoitaja juu, mwombe uthibitisho wa utumishi wake kwenye misheni. Hata medali isipopatikana, barua hiyo ina uzito kuliko kipande cha shaba cha sokoni. Mkiishia kununua nakala, iwe ya utepe sahihi, na nyuma ya kisanduku muandike wazi kuwa ni nakala.

Kwa familia za waliofia kazini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ipo Medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama 1997. Familia huipata kupitia ujumbe wa nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa, kwa hiyo barua yenu ianzie serikalini Nairobi. Jina la marehemu liwe limeandikwa sawasawa na kwenye cheti cha kifo.

SWALI: Baba yetu ni mgonjwa sana. Akiitwa na Mola wake, tunapenda jeshi limpe heshima, lakini sisi huzika siku hiyo hiyo. Twafanyaje? – Mtoto wake, Kizingitini

JIBU: Mola amsahilishie. Msiogope kulizungumza sasa. Kwake itakuwa faraja akijua limepangwa.

Heshima za kijeshi zina mambo yake: bendera juu ya jeneza, askari wabebaji, tarumbeta, pengine mizinga mitatu ya bunduki, na bendera kukunjwa na kukabidhiwa familia. Kwa mstaafu, jeshi ndilo linaloamua litatoa kipi, na linahitaji muda. Kutoka Mtongwe, kambi ya jeshi la majini Mombasa, hadi Mokowe ni safari ya siku kwa barabara, bado bahari ya kuvuka hadi Kizingitini. Maiti haitasubiri, na haifai isubirishwe. Kwa hiyo tenganisheni mambo mawili. Mazishi yaende kama yanavyokwenda: kuoshwa, sanda, swala, tusi (jeneza la kubebea maiti), kaburi. Bendera ikitandikwa juu ya tusi, muulizeni kwanza imamu wenu, iwe juu ya shuka, na iondolewe kabla mwili haujateremshwa. Haiingii kaburini na haiburuzwi mchangani. Waliotumikia naye wabebe tusi kwa zamu. Hakuna atakayewazuia, na hiyo peke yake ni heshima. Bunduki makaburini ni jambo ambalo masheikh wengi hawaliafiki, nasi tunashauri msiliombe.

Heshima za jeshi ziombeni kwa siku nyingine, kwenye hitima au baadaye, ambapo afisa anaweza kuja na kukabidhi bendera na barua mbele ya watu waliokwisha tulia. Andaeni leo karatasi moja: jina la jeshini, nambari, cheo, kikosi, misheni, namba ya simu ya kambi iliyo karibu na ya chama cha wastaafu, DEFOCA. Mtu mmoja tu ndiye apige simu, awe anayejua karatasi iko wapi. Familia nyingi hukosa heshima hizi kwa sababu watu sita wamepiga simu na kila mmoja ametaja nambari tofauti.

Kwa familia za Kikristo za Malindi, ambako marehemu hukaa mochari siku kadhaa, muda upo. Simu ipigwe siku ya kwanza.

SWALI: Nani hurithi medali? Tuko ndugu wanane. – Mambrui

JIBU: Kwa sheria ya Kiislamu, kila kilichobaki ni mirathi, hata medali, na haigawanyiki mafungu. Njia nyepesi ni hiba: mzee akiwa hai na akili timamu amkabidhi amtakaye, mkononi, mbele ya mashahidi. Akitaka iwe baada yake, wasia unafaa kwa asiye mrithi, kwa mfano mjukuu ambaye baba yake yupo, na usizidi theluthi ya mali. Wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wengine. Kadhi wa Malindi atawaandikia. Msizigawe moja moja kwa watoto wanane: zikitengana, kumbukumbu ya utumishi inakatika na hakuna atakayejua ipi ilifuata ipi.

SWALI: Nataka kumrekodi babu. Alikuwa Sierra Leone, na kila nikiuliza kuhusu huko husema "tulikwenda, tukarudi". – Mwanafunzi, Barani, Malindi

JIBU: Kabla ya kumuuliza, jua aliyoyapitia. Mei 2000 waasi wa RUF waliwashambulia walinda amani wa UNAMSIL na kuwateka mamia. Wakenya waliokuwa Makeni na Magburaka walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa. Mtu wa miezi ile akisema "tulikwenda, tukarudi" amekujibu kwa urefu anaouweza.

Swali kubwa huleta jibu fupi. Uliza vitu vidogo: mlilala kwenye nini, maji yalitoka wapi, nani alikuwa kitanda cha pili, mpishi alipika nini siku ya Idi, barua kutoka nyumbani ilichukua muda gani, mvua ya kule ilikuwaje. Mpe ramani ya karatasi na kalamu, aonyeshe kambi. Mkono ukishaanza kuchora njia, ulimi hufuata. Akifika pagumu na kunyamaza, nawe nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kusema chochote. Usiulize kama aliua mtu. Akikuomba uzime, zima kweli, umwonyeshe simu imezimwa.

Kwa upande wa vifaa, simu ya kawaida yatosha. Iweke hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili kutoka mdomoni na kando kidogo ili pumzi isiigonge. Chagua mfumo wa WAV kama programu inao. Kwa sauti ya chaneli moja, biti 16 na kilohezi 48, saa moja huchukua takriban megabaiti 350, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Jaribu dakika mbili na usikilize kwa spika za masikioni. Zima panga boi na friji. Chumba chenye mikeka na mapazia ni bora kuliko chumba kitupu cha mawe kinachorudisha sauti. Panga kati ya adhana na adhana. Dakika 45 kwa kikao zinatosha kwa mtu mzima. Njoo tena siku nyingine.

Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake, na yeye mwenyewe aseme kwa sauti nani anaruhusiwa kusikiliza. Weka nakala tatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu wa mji mwingine. Usiitume kwenye makundi ya WhatsApp, wala picha ya karatasi zenye nambari ya jeshi na ya pensheni. Matapeli wanazitafuta.

Na kama babu halali usiku, anashtuka kwa mlio wa pikipiki, au hasira zake zimeongezeka tangu muanze mazungumzo, simamisheni rekodi. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili hospitalini, mkimweleza daktari kwamba alikuwa vitani. Ni jeraha la kazi na linatibika.

SWALI: Tunaweza kumpendekeza apewe tuzo ya Rais? – Hindi, Lamu

JIBU: Mnaweza. Sheria ya Tuzo za Kitaifa ni ya 2013, na tuzo za kila mwaka hutangazwa zaidi karibu na Jamhuri, 12 Desemba. Pongezi za Mkuu wa Taifa, HSC, zina kitengo cha kijeshi na cha kiraia. Mstaafu ambaye baada ya jeshi amefanya kazi ya maana mtaani anafaa kwenye cha kiraia. Ulizeni ofisi ya kamishna wa kaunti fomu hutolewa lini. Pendekezo linaloangushwa ni lile lililojaa sifa na halina tukio. Andikeni alifanya nini, wapi, mwaka gani, nani anashuhudia, ukurasa mmoja au miwili. Kwa kumtambua kama shujaa kuna njia nyingine, Baraza la Mashujaa lililo chini ya sheria ya 2014, nalo linataka ushahidi huo huo. Daftari la swali la kwanza litawafaa hapa pia.

SWALI: Siku gani inafaa zaidi kumuenzi mlinda amani? – Shela, Lamu

JIBU: Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani ni 29 Mei, kwa sababu misheni ya kwanza ya Umoja wa Mataifa iliidhinishwa tarehe hiyo 1948. Ndiyo yenye maana zaidi. Tatizo lake kwenu ni kwamba mwezi huo masika hayajaisha na kusi imeshika, kwa hiyo wageni wa Faza na Kizingitini watavuka bahari iliyochafuka, na turubai la uwanjani litahitaji kamba za ziada. Wengine huchagua 14 Oktoba, siku ya Majeshi ya Ulinzi, au 20 Oktoba, Mashujaa, upepo ukiwa umepoa. Mkishikilia Mei, fanyeni ndani ya nyumba au ukumbini, na boti za wageni ziondoke asubuhi kabla upepo haujaamka.